Nataka kupanda Kilimanjaro, lakini wenzangu hawajui nina kisukari

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Kisumu, nina umri wa miaka 31, nimeolewa na nina mtoto mmoja. Nilipokuwa kidato cha tatu niligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, na tangu siku hiyo ninajidunga insulini mara nne kila siku: ile ya haraka kabla ya kila mlo, na ile ya polepole usiku. Nashukuru Mungu kwamba kwa miaka sita sasa sijalazwa hospitalini. Insulini yangu ya akiba ninaihifadhi kwa njia ambayo mama alijifunza kliniki wakati nyumba yetu haikuwa na umeme, yaani chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga uliolowa maji katikati, na kitambaa kibichi juu yake, na joto la hapa ziwani halijaniharibia hata kichupa kimoja.

Walimu wanane wa shule yetu, mimi nikiwa mmoja wao, tumeunda kikundi cha kutembea milimani. Tumekuwa tukichanga pesa tangu mwaka jana ili mwezi wa Februari twende Tanzania kupanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, safari ya siku tano. Ninaitamani safari hii kuliko ninavyoweza kueleza. Nilipokuwa msichana na nikaambiwa nina ugonjwa wa sukari, mwalimu wangu wa michezo aliniondoa kwenye timu ya mbio bila kuniuliza neno, na nadhani tangu wakati huo nimekuwa nikitafuta mahali pa kuthibitisha kwamba miguu yangu haikuugua.

Tatizo langu ni kwamba hakuna mwenzangu hata mmoja katika kikundi anayejua. Ninajidunga chooni, na chakula kikichelewa nasema nina vidonda vya tumbo. Mwenyekiti wetu alisema katika mkutano wa kwanza kwamba mlima si mahali pa wagonjwa, na kwamba mmoja akizidiwa atawaharibia wote safari. Aliposema hivyo nilinyamaza. Baadaye kampuni inayotupeleka ilituletea fomu, na mahali palipoulizwa kama mtu ana maradhi ya kudumu niliandika "hakuna".

Mwezi uliopita tulikwenda Nakuru kufanya mazoezi kwenye kreta ya Menengai. Wakati wa kupanda nilianza kutetemeka, jasho likanitoka ilhali upepo ulikuwa baridi, na macho yakaanza kuona ukungu. Nilijisingizia kufunga kamba za viatu, wenzangu wakanipita, nikajipima sukari haraka nyuma ya kichaka: milimoli 3.1 kwa lita. Nililamba glukosi niliyoificha mfukoni nikakaa chini kungoja. Mwenzangu mmoja alirudi nyuma akaniuliza kama kamba ya kiatu imekatika, nami nikamwambia ndiyo. Hakusema lolote zaidi, ila alisimama pale akanisubiri hadi nilipoweza kuinuka.

Mume wangu ananiunga mkono lakini anaogopa. Mama yangu anasema mtu aliyepewa maradhi na Mungu haendi tena kujitafutia mengine mlimani, na ameniomba niziache pesa nilizochanga zipotee. Je, mtu wa hali yangu anaweza kupanda Kilimanjaro? Na je, ni lazima niwaambie wenzangu, au inatosha nikijiandaa mwenyewe kimyakimya kama nilivyofanya kwa miaka yote hii?

Mwalimu, Kisumu

*

Marahaba, mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nilisimama pale nyuma ya kichaka cha Menengai. Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa katika kliniki ya kisukari, kwa hiyo namba uliyoitaja naijua vizuri. Sukari ikishuka chini ya 4 mwili huanza kulalamika, ikifika 3.1 bado unaweza kufungua pakiti ya glukosi kwa mikono yako mwenyewe, lakini ikiendelea kushuka unaweza kufika mahali ambapo unaishika pakiti hiyo mkononi na hukumbuki ni ya nini.

Swali lako la kwanza lina jibu fupi. Ndiyo, mtu mwenye kisukari cha aina ya kwanza anaweza kupanda Kilimanjaro, na wengi wameshafanya hivyo. Mwaka wa 2006 Geri Winkler wa Austria na Will Cross wa Marekani, wote wawili wakiishi kwa insulini kama wewe, walifika kilele cha Everest, ambacho kinauzidi mlima wenu kwa karibu mita 3,000. Kwa hiyo yule mwalimu wa michezo alikosea, na ninasikitika kwamba hakuna mtu mzima aliyemwambia hivyo wakati ule.

Swali la pili nalo lina jibu fupi, ingawa nitalieleza kwa urefu: ni lazima uwaambie. Ukiniambia kwamba unaweza kwenda kwa siri tu, au usiende kabisa, nitamuunga mkono mama yako.

Hebu tuutazame usiku wa kilele ulivyo. Mnaamshwa kwenye kibanda cha Kibo, takriban mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, na karibu saa sita za usiku mnaanza kupanda gizani kwa mwanga wa tochi za kichwani. Baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi, na kadiri mnavyokaribia Kilele cha Uhuru, kwenye mita 5,895, kila pumzi inawapa takriban nusu ya oksijeni ambayo mtu angeipata akiwa pwani. Watu wanaumwa kichwa, wanasikia kichefuchefu, wanayumba, wanajibu maswali kwa neno moja. Sasa wewe unakaa juu ya jiwe na kusema umechoka. Mwongozaji anakumulika usoni, anaona mtu anayetetemeka na kuzungumza ovyo, naye amefunzwa vizuri sana kutambua maradhi ya mwinuko, yaani yale yanayoletwa na uhaba wa oksijeni huko juu, kwa hiyo anafanya kilicho sahihi kwa maradhi hayo: anakupa oksijeni kama anayo, anakushika mkono na kuanza kukuteremsha. Ni mwendo wa saa nzima au zaidi gizani, na katika muda wote huo hakuna anayefikiria kukutia sukari mdomoni, kwa sababu kwenye fomu uliandika "hakuna". Mwongozaji huyo hatakuwa amefanya kosa lolote.

Huo ndio ugumu wa kisukari mlimani. Dalili za sukari kushuka, dalili za maradhi ya mwinuko, na dalili za sukari kupanda hadi damu ikajaa ketoni (asidi ambazo mwili hutoa unapochoma mafuta kwa kukosa insulini) zinafanana kiasi kwamba hata wewe mwenyewe, ambaye umeishi na mwili huu kwa miaka mingi, unaweza kudanganyika. Kichefuchefu kinaweza kuwa cha hili au la lile. Uchovu ni hivyo hivyo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kuwafundisha wenzako ni kwamba, ukionyesha dalili yoyote isiyo ya kawaida, upimwe sukari kabla ya jambo lingine lolote, na kama haiwezekani kupima, upewe sukari kwanza kana kwamba imeshuka. Sukari iliyopanda ikiongezeka kidogo haitakuua kwa nusu saa hiyo, lakini iliyoshuka ikiachwa inaweza kukupoteza. Wakumbuke pia kwamba mtu aliyepoteza fahamu hanyweshwi wala halishwi chochote, kwa kuwa atapaliwa. Hulazwa kwa ubavu, na kama daktari wako amekuandikia sindano ya glukagoni, homoni inayopandisha sukari haraka, basi huo ndio wakati wake, na ni lazima awepo mtu anayejua imewekwa wapi na inadungwaje.

Jinsi ya kuwaambia ni jambo ambalo wewe ni hodari nalo kuliko mimi, kwa sababu kazi yako ni kufundisha. Usiende kwao kama mshtakiwa anayeomba msamaha. Anza na mwenyekiti peke yake kabla ya mkutano, kwa sababu kiongozi akishtukizwa mbele ya watu hutetea maneno yake ya awali hata pale ambapo moyoni ameshabadili nia. Mwambie: "Nina kisukari cha aina ya kwanza tangu nikiwa kidato cha tatu. Niliogopa kusema kwa sababu ya maneno yako ya siku ile. Hivi ndivyo ninavyojitunza, na haya ndiyo mambo matatu ninayohitaji mwenzangu ayajue." Kisha mwonyeshe kipimo, insulini na glukosi. Watu huogopa zaidi ugonjwa wasiouona. Wakishaushika mkononi, mara nyingi hubadilika wakawa wasaidizi wenye bidii hata kupita kiasi. Na kama baada ya hayo yote kikundi kitakataa kwenda nawe, itakuuma, lakini utakuwa umejua ukiwa Kisumu jambo ambalo hukupaswa kulijulia Kibo. Dai mchango wako urudishwe, na uende msimu mwingine na mume wako pamoja na mwongozaji atakayekuwa na taarifa zako zote.

Fomu ya kampuni irekebishwe juma hili. Iandikie kampuni kwamba jibu la awali halikuwa sahihi, utaje kisukari, dawa zako na namba ya simu ya mume wako. Kata pia bima ya safari inayotaja wazi kwamba inagharamia kupanda mlima hadi kimo cha Kilimanjaro na kuokolewa huko, na uitangaze hali yako kwa bima hiyo, kwa kuwa anayeficha maradhi ya kudumu huweza kunyimwa malipo siku anapoyahitaji. Una bahati moja ambayo wageni wengi wanaopanda mlima ule hawana: wewe na waongozaji wako mtaongea lugha moja. Mzungu hulazimika kueleza hali yake kwa lugha ambayo mpagazi huenda haijui vizuri, lakini wewe ukisema "sukari yangu imeshuka, nipe glukosi iliyo mfuko wa kushoto", kila mtu katika msafara, kuanzia kiongozi hadi mpishi, atakuelewa papo hapo. Mara tu mtakapokutana langoni, waombe dakika tano uwaambie wote.

Sasa tuje kwenye insulini, na hapa itabidi ugeuze desturi yako yote. Kwa miaka mingi adui yako amekuwa joto, na vile vyungu viwili vya mama yako ni maarifa yanayostahili heshima, kwa kuwa maji yanapokauka mchangani huondoka na joto. Mlimani adui ni baridi kali. Insulini ikiganda imeharibika, na haitengenezeki kwa kuyeyushwa. Hata ikionekana safi baada ya kuyeyuka, itupe. Kwa hiyo unayoitumia iwe ndani ya nguo ya kwanza inayogusa ngozi, katika kijimfuko kilichoshonwa au kinachofungwa kifuani, si kwenye mkoba wa mgongoni na kamwe si katika mzigo wa mpagazi, ambao unaweza kufika kambini saa mbili kabla yako au baada yako. Usiku lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Nilimfahamu mgonjwa aliyeshona mfuko wa kitambaa cha leso ndani ya fulana yake, kichupa kimoja kila upande, na nadhani fundi yeyote wa soko la Kibuye anaweza kukushonea kama huo kwa nusu saa.

Beba mara mbili ya kiasi unachohitaji, na ugawe: nusu kwako, nusu kwa mwenzako ambaye naye ataivaa mwilini. Kama unatumia kalamu za insulini, beba pia bomba za sindano za kawaida, kwa sababu kalamu yaweza kuharibika na sindano zake huweza kuziba kwa baridi. Zilizotumika zitie katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, ushuke nazo zote.

Mashine ya kupimia nayo huchoka kwa baridi. Betri hudhoofika, vijiti vya kupimia hutoa majibu yasiyoaminika, na mashine nyingi hazikutengenezwa kwa kazi ya juu sana ya mlima. Soma kijikaratasi cha yako uone kiwango cha joto na kimo kilichoandikwa. Iweke kwapani dakika kadhaa kabla ya kupima, pasha vidole moto hadi damu itoke kwa urahisi, na ufute kidole kabla ya kukitoboa, kwa maana vumbi la glukosi kidoleni litakupa namba ya uongo. Beba mashine mbili, betri za ziada, na vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo. Namba ikitofautiana na unavyojisikia, rudia kwa mashine ya pili.

Kuhusu dozi za insulini sitakuandikia namba, na umwogope mtu yeyote atakayekuandikia bila kukuona. Nitakueleza tu kinachotokea, ili ukienda kliniki ujue la kuuliza. Kutembea saa sita au saba kwa siku hula sukari wakati wa mwendo, na misuli huendelea kuivuta usiku kucha na hata siku inayofuata. Kwa hiyo hatari kubwa ya sukari kushuka siku mbili za mwanzo ni saa tisa za usiku, ukiwa umelala. Jipime kabla ya kulala, weka kengele ya simu ikuamshe mara moja usiku, na uwe na biskuti na glukosi mahali ambapo mkono unafika bila taa. Ukifika juu zaidi mambo huweza kugeuka, kwa sababu mwili unaopigania hewa hutoa homoni zinazopandisha sukari, na maradhi ya mwinuko huipandisha zaidi. Wakati huo huo hamu ya kula hupotea. Mwulize daktari kama siku za juu unaweza kujidunga insulini ya haraka baada ya mlo, ukishajua umekula kiasi gani, kuliko kabla yake, kwa sababu ukishajidunga kisha supu ikakushinda, hakuna wa kuirudisha dozi. Lakini insulini ya polepole usiiache hata siku moja kwa kuogopa kushuka. Inaweza kupunguzwa kwa ushauri wa daktari, ila ikiachwa kabisa ndipo ketoni huingia, na ketoni mlimani ni janga.

Katika ziara hiyo hiyo ya kliniki omba uchunguzwe macho, figo na hisia za nyayo. Macho ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mwinuko mkubwa huweza kusababisha kuvuja kwa damu kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hata kwa mtu mzima wa afya, na ikiwa kisukari kimeshaanza kuidhuru, ni afadhali kujua mapema. Nyayo zisizohisi vizuri huweza kubeba lengelenge siku nzima bila kukuambia, kwa hiyo kila jioni zikague kwa tochi. Muulize pia kuhusu dawa mbili ambazo wapandaji hupeana kama peremende: asetazolamidi, inayosaidia kuzoea mwinuko lakini huongeza mkojo na asidi katika damu, na deksamethasoni, ambayo hupandisha sukari kwa nguvu. Usimeze kidonge cha mwenzako kwa sababu tu yeye kimemsaidia.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko kisukari chako, nasema kwa dhati, ni siku tano. Madaktari wa tiba ya milimani hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kwa kimo cha kulala kila usiku. Njia ya Marangu inakulaza Mandara kwenye takriban mita 2,700, kisha Horombo 3,700, kisha Kibo 4,700. Yaani mnaruka mita 1,000 kila siku, nanyi mmetoka Kisumu, mji ulio kwenye mita 1,100 tu. Hata walimu saba wasio na maradhi yoyote watataabika. Ombeni siku ya sita, mlale Horombo usiku mmoja zaidi na mchana wake mpande hadi Miamba ya Pundamilia kisha mrudi kulala chini. Gharama itaongezeka, kwa maana ada ya hifadhi hulipwa kwa siku, lakini hili ndilo jambo moja ambalo ningewaomba mlipigie kura upya. Mkitaka sababu ya kumshawishi mwenyekiti bila kutaja sukari hata kidogo, hiyo inatosha.

Kabla ya Februari fanya jaribio la kweli. Menengai ni mahali pazuri pa kupimia pumzi, lakini ukingo wake wa juu haufiki mita 2,300 na usiku mlirudi kulala kitandani. Una Mlima Elgon karibu nawe, upande wa Kitale, ambako kilele cha Koitobos kina mita 4,222. Nenda na mume wako na mwongozaji, mlale usiku mmoja au mbili juu ya mita 3,000, na uandike kila namba katika daftari: kabla ya mlo, katikati ya mwendo, kabla ya kulala, saa tisa za usiku. Kurasa hizo mbili tatu zitamsaidia daktari wako kuliko maelezo ya kitabu chochote, kwa kuwa zitakuwa zimeandikwa na mwili wako. Ukiona Elgon imekushinda kudhibiti, safari ya Kilimanjaro iahirishwe hadi mwaka unaofuata, na hilo halitakuwa na aibu.

Safari yenyewe ya kuvuka mpaka ni nyepesi. Tanzania ina saa sawa na zetu, kwa hiyo dozi hazisogei. Hakikisha una pasipoti na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, barua ya daktari inayotaja insulini na sindano, na dawa zikiwa kwenye maboksi yenye jina lako. Katika basi usiweke dawa kwenye buti, ambako huchemka. Na kama mtaruka kwa ndege, zibaki mkononi, kwa kuwa mizigo ya chini huweza kupata baridi ya kugandisha. Moshi mjini kuna hospitali ya rufaa ya KCMC. Andika jina lake kwenye karatasi moja na namba zako za dharura.

Kabla hamjaondoka Kisumu, kaa na mwenzako mmoja mwandike sababu za kugeuka. Mfano wake ni huu: nikitapika mara mbili nisiweze kukaa na chakula, nageuka, ketoni zikionekana za wastani au zaidi, nageuka, sukari ikishuka mara mbili katika usiku wa kilele, nageuka, mashine zote mbili zikizima, nageuka. Mtie sahihi nyote wawili. Juu kule ubongo uliokosa oksijeni hujadiliana vibaya, na ubongo uliokosa sukari hujadiliana vibaya zaidi, kwa hiyo mamlaka ya kusema "tunashuka" mpe yeye. Usiku huo vaeni glukosi katika mifuko isiyohitaji kuvuliwa glavu, na iwe ya unga au jeli, kwa sababu chokoleti huwa ngumu kama jiwe. Kipimo ni gramu 15, karibu vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, kisha mngoje dakika 15 na mpime tena kabla ya kupiga hatua.

Na mama. Usibishane naye kuhusu mlima, kwa sababu yeye habishani kuhusu mlima; anamwona bado yule msichana wa kidato cha tatu aliyemkimbiza hospitalini. Mwendee na daftari la Elgon, na ile fulana yenye mifuko, umweleze kwamba njia yake ya vyungu sasa unaigeuza ili ikukinge na baridi. Mwombe akufungashie biskuti au karanga za njiani. Huenda bado akasema hapana, na utakuwa na haki ya kwenda, lakini utakuwa umemwonyesha kwamba huendi kumkaidi.

Mmebakiwa na majuma machache, kwa hiyo mazungumzo na mwenyekiti yasipite Ijumaa. Mashine ya pili, nusu ya insulini na ule mkataba wa kugeuka, mpe yule mwenzako aliyerudi nyuma Menengai kukuuliza kama kamba ya kiatu imekatika. Alisimama akakusubiri bila kuuliza tena, na nadhani anajua tayari kwamba haikuwa kamba.